Siku tatu za Beijing kabla ya kuitwa mama

Saa tisa usiku, katika hoteli moja jijini Beijing, mwanamke ameamka na usingizi haurudi tena. Mwili wake bado unafuata saa za Marekani, alikotoka juzi. Mumewe naye yuko macho. Juu ya meza kuna begi dogo lenye nepi, chupa ya maziwa, biskuti laini na nguo za mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hawajawahi kumshika. Wanachojua kumhusu ni picha moja, uzito uliopimwa miezi kadhaa iliyopita na jina alilopewa kituoni.

Mtoto yuko mkoa mwingine, mbali na hapo. Watakabidhiwa Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na asubuhi basi litawachukua kwenda kuutazama Ukuta Mkuu wa China.

Usiku wa namna hii uliwapata maelfu ya wazazi kwa zaidi ya miaka 30. Tangu China iliporuhusu rasmi wageni kuasili watoto mwaka 1992 hadi ilipositisha utaratibu huo mwaka 2024, zaidi ya watoto 160,000 walichukuliwa na familia za nje. Takriban nusu yao walikwenda Marekani. Wengi walikuwa wasichana, kwani sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi mwisho wa mwaka 2015, ilikutana na jamii iliyotamani zaidi mtoto wa kiume. Miaka ya baadaye, wengi walikuwa watoto wenye mahitaji maalumu, kama mdomo sungura au matatizo ya moyo.

Familia nyingi kati ya hizo zilipitia jambo moja ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote: siku chache za kutalii huku moyo uko kwingine.

Kwa nini utalii?

Sababu za mwanzo zilikuwa za kawaida. Ofisi za serikali hazifunguliwi mwisho wa juma. Familia zilizosafiri kwa kundi zilihitaji kukusanyika. Pia mwili unahitaji muda. Tofauti ya saa kati ya Beijing na mashariki mwa Marekani ni 12 au 13, kutegemea msimu, hivyo usiku unakuwa mchana na mchana unakuwa usiku. Mzazi asiyelala kwa siku mbili huwa mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kulia, na hiyo si hali nzuri ya kumpokea mtoto mwenye hofu.

Basi wakapelekwa kutembea. Kutembea juani mchana ni moja ya njia zinazosaidia mwili kuzoea saa mpya.

Katika kasri alikolia mfalme

Kituo cha kwanza kwa wengi kilikuwa kasri la zamani la wafalme, katikati ya Beijing, maarufu kwa jina la Mji Uliokatazwa. Lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, na wafalme 24 walitawala kutoka humo. Tangu mwaka 1925 ni makumbusho. Mgeni huvuka ua mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kuliko alivyotarajia, chini ya mapaa ya vigae vya njano.

Hadithi za dhahabu na enzi ni nyingi humo, lakini kwa mzazi anayesubiri mtoto ipo moja inayogusa kuliko zote. Mwishoni mwa mwaka 1908, mtoto aitwaye Puyi aliletwa kasrini kuwa mfalme. Hakuwa ametimiza miaka mitatu. Alitolewa nyumbani kwa wazazi wake akilia, na kati ya watu wa nyumbani kwao aliyeruhusiwa kwenda naye ni mama mnyonyeshaji wake, kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kumtuliza. Siku ya kutawazwa, mbele ya maofisa waliopiga magoti, mtoto aliangua kilio.

Alikuwa na kila kitu ambacho nchi ingeweza kumpa, na bado alilia. Mtoto wa umri ule hapimi ukubwa wa nyumba anayopelekwa. Anatafuta harufu, sauti na mikono aliyoizoea. Mzazi anayetoka katika ua ule ameshapata somo ambalo hatalifikia kwa vitabu vitatu: Jumatatu, kile ambacho kwake ni furaha, kwa mtoto kitakuwa msiba.

Ngazi za Ukuta Mkuu

Safari ya ukutani kwa kawaida ilikuwa Badaling, kiasi cha kilomita 70 kutoka katikati ya jiji, au Mutianyu, ambako kuna magari ya kamba ya kupandisha watu mlimani. Vipande vyote vya ukuta, vya enzi mbalimbali, vilipopimwa na Wachina wenyewe vilifikisha zaidi ya kilomita 21,000. Lakini anayepanda hakumbuki kilomita. Anakumbuka magoti. Ngazi hazilingani: moja fupi, inayofuata inafika karibu na goti, na sehemu nyingine ni mwinuko mkali ambao unashika chuma cha pembeni ili usirudi nyuma.

Huko juu, wazazi walipiga picha na kununua vitu vidogo. Wapo walioagiza muhuri wa jiwe uliochongwa jina la mtoto kwa maandishi ya Kichina. Wapo walionunua zawadi nyingi za bei ndogo, moja kwa kila siku ya kuzaliwa mpaka mtoto afikishe miaka 18. Anayewatazama angedhani ni watalii waliokosa kiasi. Ukweli ni kwamba walikuwa wameanza kukusanya.

Walijua jambo ambalo hawangeweza kulikwepa. Baba na mama weupe, au weusi, wenye mtoto wa Kichina hawawezi kumwambia kwamba alizaliwa nao. Kioo cha chumbani kitamwambia kabla yao. Swali litakuja, labda akiwa na miaka minne, labda saba: Nilitoka wapi? Wengi wa watoto hawa waliachwa getini, sokoni au kituoni, kwa sababu kumtupa mtoto ni kosa kisheria na aliyemwacha hakuacha jina. Faili lilikuwa jembamba. Kwa hiyo mzazi aliyeshindwa kumpa mtoto jina la mama aliyemzaa alijaribu angalau kumpa nchi: hali ya hewa ya siku ile, harufu ya mtaa, ladha ya supu, tiketi ya basi.

Jumatatu

Kisha ndege ya kwenda makao makuu ya mkoa: Changsha, Nanchang, Hefei, kutegemea mtoto alikotoka. Makabidhiano mara nyingi yalifanyika katika ofisi ya serikali yenye viti vilivyopangwa ukutani, wakati mwingine hotelini. Walezi waliingia na watoto mikononi. Majina yalisomwa.

Baadhi ya watoto walipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wengine walinyamaza kabisa, macho yamekaza, mwili umelegea. Wazazi wengi walifarijika na huyu wa pili wakisema ni mpole. Hapa ndipo pa kuwa makini. Mtoto mdogo aliyenyamaza ghafla baada ya kutengwa na mlezi wake si lazima awe ametulia. Anaweza kuwa ameshtuka na anaomboleza kimyakimya. Kukataa chakula, kulala kupita kiasi au kung'ang'ania kipande cha biskuti bila kukila ni dalili za huzuni ileile.

Dakika chache za pale ofisini ndizo zilikuwa nafasi ya kumuuliza mlezi: Analala vipi? Maziwa yake ni ya moto kiasi gani? Nani alikuwa rafiki yake? Akilia mnafanyaje? Waliouliza na kuandika waliondoka na mali ambayo haipatikani popote pengine. Walioomba nguo aliyokuja nayo na kuacha kuifua kwa siku kadhaa walimwachia mtoto harufu aliyoizoea.

Baada ya hapo kulikuwa na kusubiri tena, takriban wiki moja, hati ya kusafiria ya mtoto itengenezwe. Mara hii walitembea wakiwa watatu. Baadhi waliomba kupelekwa mahali mtoto alipookotwa. Pengine lilikuwa geti la kawaida, watu wakipita na baiskeli na mboga. Walisimama, wakapiga picha, wakaondoka.

Kisiwa chenye kivuli Guangzhou

Guangzhou si jina geni kwa Mtanzania. Wafanyabiashara wa Kariakoo wamelijua kwa miaka mingi kama mji wa mizigo, na mtaa wa Xiaobei unajulikana kwa Waafrika wanaokwenda kununua bidhaa. Kwa familia za Kimarekani, mji huohuo ulikuwa kituo cha mwisho, kwa sababu viza za watoto walioasiliwa zilitolewa na ubalozi mdogo wa Marekani uliopo hapo. Mtoto alipimwa afya kwanza: urefu, uzito, moyo, na kwa waliotimiza miaka miwili, kipimo cha kifua kikuu.

Wengi walilala Shamian, kisiwa kidogo katika Mto Zhujiang ambacho Waingereza na Wafaransa walijitwalia katika karne ya 19 baada ya vita vya kasumba. Kina majengo ya Kizungu, kanisa dogo na miti mikubwa ya jamii ya mkuyu yenye mizizi inayoning'inia. Magari ni machache. Asubuhi wazee hufanya mazoezi chini ya miti, na hapo zamani katikati yao walipita wageni wakisukuma vigari vya watoto.

Hoteli kubwa ya White Swan, iliyofunguliwa mwaka 1983 na yenye maporomoko ya maji ndani ya ukumbi wake, ilizoea familia hizi. Desturi ilikuwa kuwaketisha watoto wa kundi zima kwenye kochi jekundu na kuwapiga picha pamoja. Mmoja analia, mmoja amelala, mmoja anavuta nywele za jirani. Siku ya kwanza walikuwa wageni kwa wazazi wao. Kwenye kochi lile, wengi walikuwa tayari wananyoosha mikono kumtafuta mama.

Mlango ulipofungwa

Septemba 2024 China ilitangaza kuwa haitatuma tena watoto nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na watoto wa kambo. Mamia ya familia zilizokwisha kuoanishwa na watoto ziliachwa na picha tu. Wapo waliosikitika na wapo walioona imechelewa, kwani historia hii ina doa. Mwaka 2005 mkoani Hunan kuligunduliwa mtandao uliouza watoto kwa vituo vya kulelea, na watu wakafungwa. Kuna watu wazima leo ambao hawana uhakika kama kweli waliachwa.

Kwa hao, kile kilichokusanywa katika siku za kusubiri kimepanda thamani. Wengine hurudi Guangzhou na Changsha wakiwa na miaka 20 na zaidi, wakiwa na tarehe, jina la geti na picha ya mlezi. Mara nyingine huo ndio uzi pekee walio nao wa kufuata.

Funzo kwetu

Tanzania pia kuna wazazi wanaoasili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu unaopitia kwa ofisa ustawi wa jamii na kufika Mahakama Kuu, na kusubiri kupo. Tofauti yetu ni kwamba mtoto anafanana na majirani, hivyo siri inawezekana. Wengi huichagua. Hubadilisha mtaa, hukanya ndugu, huchoma karatasi. Kisha siku moja shangazi anateleza ulimi msibani, na kijana wa miaka 16 anajua kwamba nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye.

Wazazi wa Beijing hawakuwa bora kuliko wetu. Hawakuwa tu na nafasi ya kuficha, na kwa sababu hiyo walijiandaa kujibu.

Anayesubiri mtoto anaweza kufanya vivyo hivyo bila pasi ya kusafiria. Nenda mji ambako makao yapo, siku moja kabla. Tembea sokoni kwao. Piga picha ya lango, ya mti wa uani, ya kitanda chake. Muulize mlezi anaitwa nani na mtoto anapenda wimbo gani. Andika hali ya hewa. Tunza tiketi ya basi. Weka vyote kwenye kasha moja, na mtoto asikue bila kujua kasha hilo lipo.

Akiuliza siku moja, "Mlikuwa wapi kabla hamjanichukua?", mfungulie kasha na uanze na tiketi.