Kuumba na Kuumbua

Kiswahili kina jozi ya vitenzi ambayo mpenzi wa lugha ni vigumu kuipita bila ya kusimama. Kuumba ni kukipa kitu sura. Kuumbua ni kukiondolea sura hiyo, na pia ni kumwaibisha mtu mbele za watu. Wahenga hawakuzitenga maana hizo mbili. Aliyeharibika uso na aliyevunjiwa heshima wote wameumbuka, na methali nayo hukumbusha kwamba uso umeumbwa na haya.

Ndiyo maana kazi ya tabibu anayejenga upya uso uliobomoka haifanani na kazi ya tabibu aungaye mguu. Mguu ukipona kwa kombo, mwenyewe huchechemea. Uso ukipona kwa kombo, jirani hugeuza macho, mtoto hukimbilia kwa mamake, na mwenye uso huanza kula peke yake.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia fani hii ilipata chuo chake kikubwa. Mwaka 1917 hospitali maalumu ilifunguliwa Sidcup, kusini-mashariki ya London, na aliyeongoza kazi ya upasuaji alikuwa Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand. Waliletwa askari ambao risasi na vipande vya makombora vilikuwa vimewapokonya pua, midomo na mataya. Hapo, kabla ya kisu, palikuwa na mchoro. Henry Tonks, aliyesomea upasuaji kisha akawa mwalimu wa uchoraji, aliwachora majeruhi hao kwa chaki za rangi, akachora na hatua za kuwatibu. Husimuliwa kwamba vioo viliondolewa katika wodi nyingi, na kwamba baadhi ya mabenchi ya mji yalipakwa rangi ya buluu ili wapita njia wajue ni nani huenda ameketi pale.

Leo mchoro hutangulia vilevile, ila aghalabu mkono unaouchora ni wa kompyuta. Asili yake ni mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield, ambayo mgonjwa wake wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Eksirei huzunguka kichwa, kisha kompyuta huzipanga picha zake kama kurasa nyembamba, mara nyingi zisizozidi unene wa milimita moja, mpaka fuvu zima likasimama kwenye kioo chake. Tabibu huligeuza apendavyo, akalikata na kulirudisha, na mgonjwa bado hajalazwa.

Mfano mzuri ni ameloblastoma, uvimbe wa taya utokanao na chembe zinazotengeneza meno. Kwa kawaida si saratani, lakini huila taya polepole, na hospitali za Afrika Mashariki hupokea wagonjwa wengi ambao uvimbe wao umekwisha kuwa mkubwa. Sehemu ya taya hukatwa. Badala yake huweza kutwaliwa mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, kwa kuwa mtu aweza kutembea bila ya kipande chake cha kati. Daktari David Hidalgo wa New York aliieleza njia hii ya kujenga taya mwaka 1989. Tatizo ni kwamba mfupa wa mguu umenyooka na taya limepinda. Zamani pembe za kuukatia zilitafutwa kwa jicho, mgonjwa akiwa usingizini na saa zikienda. Sasa hupimwa siku kadhaa kabla. Mashine huchapa vigezo vya plastiki vyenye nafasi za kupitishia msumeno, na tabibu huvifuata kama seremala afuatavyo kigezo chake juu ya ubao. Vipande vya mfupa, vikiwa bado na mishipa yake ya damu, hukutana pembe kwa pembe juu ya bamba la titaniamu, na mishipa hiyo huungwa na ile ya shingoni chini ya hadubini.

Lakini kompyuta hujuaje taya lililoliwa lilikuwaje? Hutumia kioo. Huuchukua upande mzima, ikaugeuza kulia kuwa kushoto, ikauweka mahali pa ule ulioharibika. Kitu kilichofichwa wodini kisije kikawavunja watu moyo, ndicho sasa kilichogeuka kuwa chombo cha tiba.

Washairi wanaijua hila hii na mpaka wake. Ukwapi na utao hulingana kwa mizani, lakini utao haurudii maneno ya ukwapi, huyajibu. Uso nao ni hivyo. Hakuna uso ambao pande zake mbili ni sawasawa, na huenda tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomfanya mama amtambue mwanawe kwa mbali.

Jambo huwa zito zaidi pale uvimbe unapovuka kidevu na kusiwe na upande mzima wa kunakili. Hapo programu huweza kuegemea wastani wa mafuvu mengine. Wastani wa mafuvu ya nani? Vipimo vingi vya uso vilivyosomeshwa katika karne ya 20 vilitokana na nyuso za watu wa asili ya Ulaya. Tabibu asiyeuliza swali hilo aweza kumrudishia mtu taya lililo sahihi kwa hesabu, na likawa geni kwa ukoo wake. Picha ya zamani ya harusi, au uso wa ndugu aliyemsindikiza mgonjwa, huweza kumfaa kuliko jedwali.

Kadhalika mpango huzeeka. Baina ya siku ya picha na siku ya kisu uvimbe huweza kuongezeka, na kigezo kilichochapwa kwa gharama kikawa hakitoshi. Hapo mkono wa tabibu, na mazoea yake ya miaka, ndiyo tegemeo.

Mgonjwa mwenyewe naye ana la kusema. Kuna atakaye kwanza kutafuna, na kuna atakaye kutamka herufi za midomo ili asomapo asikike. Mwengine hutaka tu kuingia msikitini au sokoni bila ya kujitanda kitambaa. Mashine haiyajui haya mpaka aambiwe anayeiongoza.

Waama, ugonjwa humuumbua mtu mara moja, na macho ya watu humuumbua kila siku. La kwanza limepata mafundi, nao wanazidi kuwa hodari. La pili halina kigezo cha kuchapwa. Tiba yake ni kumtazama mtu usoni na kumwitikia salamu.