Rola 24 za Uzi Zilivyotaka Kuvunja Undugu wa Mbeya na Iringa

Kuna ugomvi wa mashamba, kuna ugomvi wa wanaume, halafu kuna huu: dada wawili wa tumbo moja walinuniana siku tisa kwa sababu ya zile plastiki zinazobaki uzi wa cherehani ukiisha. Siku tisa nzima. Hakuna salamu, hakuna kupigiana simu, na stetasi za WhatsApp zikageuka mafumbo matupu.

Mkubwa anaishi Iringa. Mdogo yuko Mbeya, amepanga chumba cha kushonea Mwanjelwa, ambako kelele za bajaji haziishi asubuhi hadi usiku. Wamepishana miaka 11. Mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo wake kukanyaga cherehani, na ndiye aliyeweka mtaji. Uzi unaagizwa Kariakoo, na kwa kuwa basi la Dar kwenda Mbeya linapita Iringa, mzigo unashushwa kwanza kwa mkubwa. Anaukagua, anaandika kwenye daftari, kisha anautuma Mbeya kwa basi jingine. Mdogo anashona, mteja analipa kwa simu, faida inagawanywa. Miaka mitatu mambo yalienda vizuri.

Mwaka huo, Desemba, ikaingia oda nono. Shule moja binafsi ilitaka sketi 120 za bluu zenye marinda, ziwe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari. Mkubwa akatuma maboksi mawili ya uzi wa bluu, kila boksi rola 12, kila rola mita 400.

Kwa uzoefu wake, sketi moja inakula uzi wa mita 15 hivi. Maana yake rola moja inatosha sketi 25 na ushee, na oda nzima haizidi rola tano. Hizo 19 zinazobaki ni za kazi za mtaani hadi Pasaka. Akafunga daftari, akalala.

Wiki ya pili ya Januari simu ikalia kidogo.

"Dada shikamoo. Sketi zote tumeshapeleka, wamefurahi. Ila uzi wa bluu umeisha, naomba utume mwingine."

"Marahaba. Umeisha vipi?"

"Umeisha tu dada, kazi ilikuwa kubwa."

"Rola tupu ziko wapi?"

"Si nimetupa."

Hilo neno la mwisho ndilo liliwasha moto.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kumjua mkubwa. Kwenye chumba chake cha kazi kuna ndoo ya lita 20 imejaa rola tupu. Nyeupe, nyekundu, kijani, rangi zote. Wageni huwa wanamcheka, wanasema anafuga takataka. Yeye hajibu. Kila mwisho wa mwezi anazimwaga chini, anazihesabu, analinganisha na daftari la oda. Rola tupu kwake ni risiti. Inamwambia mwezi huu amefanya kazi kiasi gani, nani alilipa pungufu, na kama kijana anayemsaidia anashona nguo za marafiki zake usiku kwa uzi wa ofisi.

Tabia hiyo aliirithi kwa mama yao, fundi wa enzi za rola za mbao. Wengi wenu hamjaziona. Zamani uzi uliviringishwa kwenye kigogo kidogo cha mti kilichotobolewa katikati; kampuni kama J. & P. Coats ya Paisley, Scotland, iliuza uzi wa namna hiyo nchi nyingi duniani. Ukiisha, kigogo kilikuwa na kazi tele. Watoto walikifanya gurudumu, akina mama walikigongomelea kwenye mfuniko kikawa kishikio, na kikichakaa kabisa kiliingia jikoni kuwasha moto. Hakukuwa na swali la kutupa.

Na Iringa yenyewe si mji wa kumfundisha mtu kutupa ovyo. Pale kuna Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza mwaka 2003, ambako kinyesi cha tembo kimegeuzwa karatasi na chupa zilizokwisha kazi zimegeuzwa shanga. Kwa mkubwa, mtu anayesema "si nimetupa" bila hata kukohoa ana mambo mawili: ama ni mzembe, ama anaficha kitu.

Akachagua la pili. Akarekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ndani yake kulikuwa na ada ya shule aliyomlipia mdogo wake, kulikuwa na cherehani ya kwanza, kulikuwa na "umeshakua sasa, umeanza kuniuzia uzi wangu". Akamalizia kwa kusema hatumi hata futi moja ya uzi mpaka aonyeshwe rola tupu zote 24.

Mdogo aliusikiliza mara mbili akiwa amekaa kwenye kiti cha cherehani. Hakujibu. Tiki za bluu zilibaki pale kama zilivyo. Jioni akaweka stetasi: "Ukilea mtoto usimhesabie vijiko alivyokula." Mkubwa naye akajibu kwa stetasi yake: "Mwizi hapendi kuhesabiwa." Mama zao wadogo, mabinamu, mpaka shemeji wa Makambako wakaanza kuulizana pembeni kuna nini.

Na kazi ikasimama. Wateja wa sketi moja moja walikuja wakarudi. Mdogo alikuwa na hela kidogo ya kununua uzi wa rejareja hapo hapo Mwanjelwa, ila aligoma. Aliona akinunua atakuwa amekubali kwamba kweli kaiba.

Sasa ukweli ni kwamba hakuwa ameiba. Rola alizitupa. Alikuwa anaziweka kwenye kiroba nje ya mlango, pamoja na vipande vya vitambaa, akisubiri gari la taka. Mwanzoni kabisa alifikiria kuwashia jiko la mkaa, si unajua baridi ya Mbeya na mvua za Januari, mkaa haushiki. Mama mwenye nyumba akamkemea: "Mwanangu, ule mti wa zamani ulikuwa sawa. Hii plastiki inatoa moshi mweusi, na sisi tunalala humu na watoto." Ndiyo zikaishia kwenye kiroba. Na kiroba kilipobebwa, yeye akajua zimeondoka.

Siku ya tisa mvua ilikatika mchana. Watoto wa nyumba ile wakatoka uani na kelele zao. Mdogo alikuwa mlangoni hana kazi, anatazama tu. Magari yakaanza mashindano kwenye tope. Magari yenyewe ni yale ya maboksi na makopo, ekseli vijiti vya mshikaki. Halafu akaona magurudumu.

Bluu.

Yaani si magurudumu ya bluu. Magurudumu ya plastiki nyeupe, lakini kila moja lina mkia mdogo wa uzi wa bluu bado umeng'ang'ania ukingoni, na mengine yana karatasi ya pembeni imeandikwa urefu wa uzi. Akainuka.

"Hizi mmetoa wapi?"

"Kwenye kiroba chako, anti. Ulikuwa unatupa."

Akachuchumaa kwenye tope akahesabu. Magari matano, magurudumu manne kila moja: 20. Mtoto mmoja, mkorofi kuliko wote, akamletea kitu chake kwa maringo. "Hili ni tingatinga, anti." Ilikuwa rola moja, rababendi imepitishwa kwenye tundu la katikati, upande mmoja imezuiwa na njiti ya kiberiti, upande wa pili kuna kipande cha mshumaa na kijiti kirefu. Ukikizungusha kijiti, rababendi inajikunja. Ukiweka chini, rola inatembea yenyewe polepole, inapanda hata juu ya ndala. Hiyo ya 21. Ya 22 alionyeshwa ndani kwa mama mwenye nyumba: imepigwa skrubu kwenye droo ya kabati, imekuwa kishikio. Ya 23 alijua iko wapi, bado iko juu ya cherehani yake na uzi wa kushikizia vifungo viwili vitatu tu.

Akawapanga watoto mstari, kila mtu na gari lake, tingatinga mbele. Akapiga picha. Akaituma Iringa bila neno lolote.

Dakika ishirini kimya. Kisha simu ikaita.

"Kamwene," sauti ikasema. Mkubwa akianza na Kihehe, ujue moyo umelegea.

"Kamwene dada."

"Nimehesabu 21 kwenye picha."

"Moja iko kwenye kabati la mama mwenye nyumba, moja kwenye mashine. 23."

"Na moja?"

Hapa ndipo mdogo angeweza kudanganya akapona. Angesema imepotea, nani angebisha? Lakini alivuta pumzi akasema: "Moja nilimpa jirani ikiwa nzima. Aliniazima mashine yake ya ovaloki, sikuwa na hela ya kumlipa. Nilitakiwa nikuulize. Samahani dada."

Mkubwa hakukasirikia rola. Alishtukia neno jingine kabisa. "Ovaloki? Ovaloki ya nini?"

Kumbe bwana, sketi za mfano zilipopelekwa shuleni, mwalimu mmoja alilalamika kitambaa kinafumuka pindoni. Mdogo akaona aibu, akaamua sketi zote zipigwe ovaloki kwenye mishono ya pembeni na pindo. Hakumwambia dada yake. Hakuongeza bei. Alitaka tu kazi iwe nzuri.

Mkubwa akamwambia: "Kata kitambaa mita moja, tushone sasa hivi, kila mtu na chake."

Wakaweka simu spika, Iringa na Mbeya, zaidi ya kilomita 300 katikati yao, kila mmoja na chaki yake. Mita moja ya mshono wa kawaida: uzi wa juu na wa bobini ukijumlishwa, mita mbili na nusu. Mita moja ya ovaloki ya nyuzi tatu: mdogo alikimbilia kwa jirani, akashona, akafumua, akapima uzi mmoja baada ya mwingine. Akarudia kupima maana hakuamini. Mita 14.

Hiyo wala si ajabu, ndiyo hesabu inayotumika hata viwandani: mshono wa kawaida unakula takribani mara 2.5 ya urefu wake, ovaloki ya nyuzi tatu takribani mara 14. Ila ukiwa chumbani kwako na sindano yako, huoni. Unaona tu rola inazunguka.

Wakapiga hesabu ya sketi moja. Mishono ya kawaida mita 6, uzi mita 15, sawa na daftari la mkubwa. Ovaloki mita 4, uzi mita 56. Jumla mita 71 kwa sketi. Mara 120, ni mita 8,520. Gawa kwa 400: rola 21 na kidogo. Weka uzi unaokatika na mishono inayorudiwa, ndiyo hizo 22 tupu na ile ya 23 iliyobakia kwenye mashine.

Simu ikawa kimya pande zote mbili.

Mdogo hakuwa mwizi. Lakini mkubwa naye hakuwa mwendawazimu kuulizia rola tupu. Zile plastiki zilikuwa zinasema kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekijua: kwamba ile oda nono, iliyowafurahisha wote, uzi wake umekula karibu mara tano ya ulivyopangiwa bei. Wamefanya kazi ya ovaloki bure. Kama kiroba kingeondoka na gari la taka, mwakani wangekubali oda ile ile kwa bei ile ile, wakagombana ugomvi ule ule.

"Nilikuita mwizi," mkubwa akasema mwishowe.

"Nilikuwekea stetasi," mdogo akajibu.

Wakacheka, lakini si cheko la kusahau moja kwa moja. Ule ujumbe wa sauti wa dakika nne bado upo kwenye simu ya mdogo. Hajaufuta.

Siku hizi kuna utaratibu. Rola ikiisha, haitupwi, inaingia kwenye ndoo. Mwisho wa mwezi mdogo anaipiga picha ndoo imemwagwa, wanahesabu pamoja kwa simu, wanalinganisha na oda. Hesabu ikikubali, ndoo inakuwa ya watoto. Na shule ile walipandishiwa bei. Walinung'unika, kisha wakalipa, maana sketi hazifumuki.

Pasaka mkubwa alipanda basi akaja Mbeya. Mkononi alishika mfuko mzito, wapangaji wakadhani ni ulezi. Alipofika uani akaufungua, akamwaga chini rola za miaka mingi, rangi zote. Watoto walipiga yowe kama wamemwagiwa pipi.

"Zote hizi, dada? Si risiti zako?"

"Hizi zilishahesabiwa," akasema, akainama kumsaidia yule mkorofi kutafuta ya kijani.

Haya, wewe unayefanya biashara na ndugu yako: risiti yenu ni ipi? Au mnasubiri siku ya kurekodiana?