Kumbe walidhani tuna masikio kama ungo!

Ukirudi kutoka Ufaransa, washikaji wana swali moja tu: "Mnara wa Eiffel umeuona?" Ukisema hapana, basi tena, safari haina ujiko. Leo tuuache huo mnara, niwapeleke Vézelay.

Vézelay ni kamji ka kale juu ya kilima, huko Bourgogne. Wakazi wake hawafiki hata 500. Kwa Manzese, hao wanaenea mtaa mmoja na nafasi inabaki! Dada yangu kaolewa Dijon, kwa hiyo Jumapili moja shemeji akatutia kwenye gari, huyoo mpaka huko. Unapanda barabara ya mawe, pumzi juu juu, hadi unakutana na Basilika ya Mtakatifu Maria Magdalena, iliyojengwa miaka ya 1100.

Msomaji wangu, kabla hujaingia ndani kwenyewe kuna ukumbi, na juu ya mlango wake mkubwa yamechongwa mawe yasiyo mchezo. Katikati yuko Yesu, miale inatoka mikononi mwake kwenda kwa mitume. Pembeni wamewekwa watu wa mataifa ya mbali. Sasa waone hao watu! Wengine wana vichwa vya mbwa. Wengine masikio makubwa kama ungo. Wengine wafupi mno, wanapanda farasi kwa ngazi.

"Wageni wa mbali hao," shemeji akanichokoza.

Nilicheka, lakini moyoni iliniuma. Wa mbali si ndiyo sisi? Fundi kakaa zake Ulaya, hajatuona, kasikia ya kusikia, kisha kachonga na watu wakaamini. Halafu nikamkumbuka bibi. Si alitutisha utotoni kwamba Wazungu ni mumiani, wanyonya damu, tusitoke nje usiku? Naye hakuwahi kukaa na Mzungu hata siku moja. Ngoma droo!

Tena yule fundi ana jambo moja la kumsifu. Hao watu wake wa ajabu hakuwafukuza, kawaweka mlango ule ule, nao wafikiwe na habari njema.

Kasheshe ni kilichofuata. Machi 31, 1146, sikukuu ya Pasaka, kwenye kilima hicho hicho, Bernard wa Clairvaux alihubiri vita ya pili ya msalaba mbele ya Mfalme Louis wa Saba. Umati ulikuwa mkubwa hata ikabidi wakusanyike nje. Vijana wakajiandikisha kwenda kupigana na Waislamu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuwaona. Mwaka 1148 wakashindwa Damascus, na wengi hawakurudi kwao.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia kijiweni mtu anasema "kabila lile wako hivi, dini ile wako vile", namuuliza kwanza: umeshakula nao?

Ukijaliwa kufika Ufaransa, Paris itakungoja. Panda kilima kile, simama mlangoni, uangalie juu.