Kupelekwa na Maji

Ewaso Ng'iro, mto wetu hapa Isiolo, kwa kawaida haufiki baharini. Huishia kwenye kinamasi cha Lorian. Lakini mwezi huu kodi yangu inalipwa na bahari: mteja ametaka makala kuhusu kupiga mbizi kwenye mkondo mkali, kule Pemba, milango ya Njao na Fundo.

Wazamiaji wazoefu hawashindani na maji. Wakati wa bamvua, yanapopanda na kushuka karibu mita 4, hakuna mapezi ya kuyashinda. Wanachagua saa, wanaingia pamoja, wanaacha mkondo uwabebe kandokando ya matumbawe. Ukivutwa nje, unaukata kwa ubavu. Husumbuki kurudi ulikotoka. Juu kuna boya, na mashua inalifuata.

Tangu niache chuo kwa kukosa karo, mtaani nasikia, "Huyu anapelekwa tu." Sawa, napelekwa. Kwani mzamiaji hapelekwi? Kinachoninyima usingizi ni kingine: nani anaangalia boya langu?

Mama hupiga simu kila jioni, saa moja. "Umekula?" Hajawahi kuniuliza naelekea wapi. Simu yake siikosi.