Ficha, Usifute

Kibao cha jina kikitolewa mlangoni haina maana mwenye nyumba kahama. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Kuondoa jina la programu kwenye menyu ni kazi moja, kuing'oa programu yenyewe ni kazi nyingine kabisa.

Mama mdogo wangu anauza dagaa Kirando. Wanavuliwa usiku Ziwa Tanganyika, wanaanikwa juani, halafu wanapanda gari kwenda Namanyere na Sumbawanga. Wateja wake wengi wanakopa, na madeni aliyaandika kwenye daftari. Daftari likiloa, deni nalo limekwenda na maji. Ndipo akapata kompyuta kuukuu yenye Linux. Kila akifungua menyu anakuta majina kibao, karibu yote ya Kiingereza, anaogopa hata kugusa.

"Mwanangu, futa yote haya," akaniambia. "Niachie la madeni tu."

Binti yake wa Kidato cha Pili alikuwa kasimama mlangoni, kimya. Mama akipumzika, yeye ndiye anayekaa pale. Anachora, na ameanza kujifundisha kuandika programu kwa Python. Nikifuta yote, mama anapona, mtoto anakwama. Na kuzirudisha si mchezo, bando lenyewe la kupimiana.

Basi, ufundi wenyewe ni huu. Kwenye Linux nyingi, majina mengi ya menyu yana mafaili yao madogo yanayoishia na .desktop, ndani ya /usr/share/applications. Hayo ni ya wote, usiyaguse. Nakili faili usilolitaka, uiweke nakala kwenye ~/.local/share/applications ya mtumiaji, kisha ongeza mstari NoDisplay=true chini ya mstari wa [Desktop Entry]. Nakala hiyo hulishinda faili la wote, lakini kwa mtumiaji huyo tu. Programu ipo, imenyamaza. Ukiitaka tena, futa nakala, jina linarudi.

Nikafungua akaunti mbili. Kwa mama yakabaki majina manne. Lile la jedwali, kwenye mstari wa Name= nikaandika "Madeni ya Dagaa". Kwa binti sikugusa kitu.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Waliona mbali. Mtu haogopi wingi peke yake, anaogopa asichoweza kukisoma.

"Hayo mengine yameenda wapi?" mama mdogo akauliza.

"Yapo, mama. Yako kwa binti."

Akamgeukia mwanawe. "Haya. Siku moja na mimi unionyeshe."

Kijana mwenzangu, ukiitwa kusafisha kompyuta ya watu, usikimbilie kufuta. Uliza kwanza: nani mwingine anakaa hapa?