Buibui Mgeni na Jina Tutakalompa



Swali la leo limenifikia kutoka mbali. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi Atlanta katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ameniandikia: “Shikamoo Mwalimu. Buibui huyu aliyejaa vibarazani mwetu tumwite nani kwa Kiswahili?” Anasema watoto wake huzungumza Kiswahili nyumbani, lakini wakimfikia kiumbe huyu hukwama, wakaruka kwenye Kiingereza. Swali hilo nimelibeba kwa majuma kadhaa hapa Sumbawanga, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kuwa linatuhusu sisi wa Ufipa kuliko tunavyodhani.

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Asili yake ni Asia ya Mashariki: Japani, Korea, Uchina na Taiwan. Wajapani humwita jorogumo, jina hilohilo walilompa jini wa ngano zao, buibui ajigeuzaye mwanamke mzuri ili awanase wanaume. Wamarekani wamelifupisha, likabaki Joro. Alitambuliwa Georgia mwaka 2014, na inaaminika kwamba aliingia pamoja na makontena ya mizigo. Jike aliyekomaa, ukimpima na miguu yake iliyotandazwa, hukaribia sentimita 10. Mwili wake una mistari ya manjano na doa jekundu upande wa chini, na tandabui lake hung'aa juani kama dhahabu. Vifaranga vyake huachia uzi hewani vikapeperushwa na upepo; wengine hujishika kwenye magari wakasafiri bila nauli. Kwa njia hizo amekwisha kufika Carolina zote mbili, Tennessee na kwingineko.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia walionyesha kwamba anastahimili baridi ya kuganda ya muda mfupi kuliko jamaa yake wa karibu aliyemtangulia huko, hivyo huenda akasonga kaskazini zaidi. Kwa binadamu si wa kutisha. Wasiwasi uliopo ni kwa buibui wenyeji, kwa kuwa pale Joro anapozidi, watafiti wamewakuta wenyeji wakiwa wachache.

Sasa turudi kwenye jina. Kiswahili kina neno moja, buibui, analoitwa yule mdogo wa pembe ya dari na yule mkubwa wa vichakani, na ambalo tumelipa pia vazi jeusi la akina mama wa pwani. Je, neno moja halitoshi? Msomaji anaweza kuniambia kuwa buibui ni buibui tu. Ningekubaliana naye kama nisingeyaona yaliyotokea mashambani kwetu.

Mwaka 2017 alitufikia hapa Tanzania kiwavi kutoka bara la Amerika, na mkoa wetu wa Rukwa ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kumwona. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameripotiwa Afrika Magharibi, na nondo wake huweza kuruka kilomita nyingi kwa usiku mmoja. Tulimwita kiwavijeshi. Lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe tayari. Kiwavijeshi wetu wa kale huja kwa makundi, hutembea kama kikosi, hula majani mbele ya macho ya watu, kisha huingia ardhini na kutoweka. Yule mgeni hujificha ndani ya moyo wa mhindi, hula kimyakimya, hutoboa hata gunzi, na vizazi vyake hufuatana mpaka mavuno.

Jirani yangu, mzee mkulima hodari, alisikia redioni kwamba viwavijeshi wameingia. Akasema, “Hao nawajua. Watapita.” Akawangoja wapite. Alipokuja kufunua majani, shamba lake lilikuwa limekwisha liwa nusu nzima. Mzee yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alilitii jina, na jina lilimpa maarifa ya mdudu mwingine. Baadaye wataalamu waliongeza neno, wakasema viwavijeshi vamizi, na wakulima wakaanza kufundishana kumtambua: alama ya Y iliyopinduliwa usoni, madoa manne yaliyokaa kimraba karibu na mkia. Wengine wakawa wanatia majivu au mchanga kwenye moyo wa mmea, wengine wakimtoa kwa mkono. Hayo yote yaliwezekana baada ya watu kukubali kwamba huyu si yule.

Kwa hiyo jina la pekee lina kazi. Hata hivyo, neno vamizi nalo linanipa mashaka. Kisarufi ni la ajabu: linatokana na vamia, na katika matumizi haya halipokei kiambishi cha ngeli. Tunasema mimea vamizi, viumbe vamizi, samaki vamizi. Kimaana ni neno la vita, na maneno ya vita hayakai shambani. Mkoa wetu wa zamani, kabla Katavi haijatengwa mwaka 2012, ulikuwa na makazi ya Katumba na Mishamo, walikoishi ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Katika shule moja niliyofundisha nilisikia wanafunzi wakimwita mwenzao mvamizi. Mtoto yule alikuwa amezaliwa hapahapa. Aliandika insha ya Kiswahili iliyoshinda za darasa zima, na chini yake hakuweka jina lake, aliweka namba tu. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000, wakiwamo wa makazi hayo, walipewa uraia wa Tanzania. Nilimfikiria siku ile, na sijui kama yeye bado anaogopa kuandika jina lake.

Tukumbuke pia tunachokila. Chakula cha Mfipa wa kale kilikuwa ulezi. Mahindi tunayoyapanda leo juu ya uwanda huu, na maharage yanayostawi kando yake, yote yana asili ya Amerika, bara lilelile alikotoka kiwavi. Neno mahindi lenyewe linatudanganya, maana linaelekeza kidole India. Na sisi pia tumesafirisha: yuko buibui wa Afrika afumaye chini ya mapaa ya nyumba, ambaye leo yuko Brazili, na inadhaniwa alipelekwa na binadamu. Huko yeye ndiye mgeni.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee wa Ufipa nao husimulia jinsi wanawake wageni walivyofika Milansi wakati mtawala hayupo, wakakaa kitini pake, na aliporudi wakagawana madaraka badala ya kumwaga damu. Simulizi hiyo haisemi kwamba kila mgeni ni mwema. Inamtaka mwenyeji amtazame aliyekuja, ajue amekuja kufanya nini, ndipo aamue.

Ndiyo maana sitaki kumwita buibui vamizi, wala buibui Mjapani. Mwaka 2022 chama cha wanasayansi wa wadudu cha Marekani kilimpa nondo mmoja jina jipya kwa sababu la zamani lilikuwa tusi kwa kabila la watu. Tusianzie pale ambapo wenzetu wameondoka.

Pendekezo langu ni buibui-dhahabu, kwa ukoo wote wenye uzi wa rangi hiyo. Ukoo huo upo pia Afrika. Madagaska ilitoa uzi wa buibui zaidi ya milioni moja ukafumwa kitambaa kilichoonyeshwa New York mwaka 2009. Kisha huyu wa Georgia awe buibui-dhahabu wa Joro, kwa kuwa ndilo jina alilokuja nalo, na mgeni huulizwa jina lake kabla hajapewa jingine. Upatanisho uwe wa viumbe hai: buibui-dhahabu huyu, buibui-dhahabu hawa.

Wenye pendekezo bora walete. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wazee wanaojua Kifipa cha ndani: wale wakubwa wanaofuma kati ya miti wakati wa masika, bibi zenu waliwaitaje?