Bendi Ilipobisha Hodi

Katika jiji la Valencia, Hispania, upo mtaa wa zamani wa wavuvi uitwao Cabanyal. Nyumba zake zimepambwa kwa vigae vya kijani, bluu na manjano, utadhani kila mama alishindana na jirani yake. Ukitembea kidogo tu unafika baharini.

Muziki ndio ulionivuta huko. Mfaransa Jacques Ibert, ambaye alihudumia majeruhi katika Vita Kuu ya Kwanza kabla ya kuwa afisa wa jeshi la majini, alitunga "Escales" mwaka 1922. Maana yake ni vituo vya safari ya meli, na kituo cha tatu ni Valencia. Aliitungia okestra, lakini hata bendi za matarumbeta huipiga. Ni muziki wa kuchezeka, wenye shangwe za sikukuu.

Hata hivyo, Ibert aliusikiliza mji kama mgeni. Wenyeji wana muziki wao majumbani. Mashindano ya bendi ya Valencia yalianza mwaka 1886, na jimbo hilo lina vyama vya muziki zaidi ya 500. Zamani wapigaji walikuwa wanaume. Leo bibi, baba na mtoto huketi katika bendi moja.

Tarehe 29 Oktoba 2024, mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika vitongoji na miji ya jirani. Vyama vingi vilipoteza ala, nota na kumbi za mazoezi.

Nilifika Novemba 2025, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Desturi yao ni bendi nzima kumfuata mwanachama mpya nyumbani kwake. Katika mji mmoja mdogo, alama ya maji ilikuwa bado ukutani, usawa wa bega langu. Bendi ikasimama mlangoni ikipiga. Akatoka binti wa miaka kama tisa, klarineti mkononi, na nyuma yake mama akiwakaribisha wote vitafunio.

Mama huyo alinieleza kwamba baada ya maji kupungua walinunua magodoro, kisha jiko, kisha klarineti. Friji ilisubiri.

"Majirani walinishangaa," alisema, "lakini mtoto alikuwa ameacha kucheka."

Akina mama wenzangu, tunapopanga mahitaji ya nyumbani, tusisahau furaha ya watoto wetu.